Wahamiaji Wasioandikwa na Karani

Sensa ya Ufaransa ya mwaka 1975 iliwahesabu Wareno zaidi ya 750,000. Ukifuata kumbukumbu za ruhusa za kuondoka zilizotolewa Lisbon, hutawapata wengi wao. Utawala wa dikteta Salazar nchini Ureno ulibana safari, hasa kwa vijana waliohitajika jeshini kupigana katika makoloni ya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Kwa hiyo watu waliondoka kwa siri, wakapita Uhispania na kuvuka milima ya Pyrenees wakiongozwa na wavushaji wa kulipwa. Ofisi za Ufaransa ziliwapa vibali baada ya kufika, lakini jalada la kibali halielezi mtu alifikaje.

Pengo hilo huzibwa na masimulizi ya wahamiaji wenyewe. Mengi yanataja picha iliyochanwa vipande viwili: msafiri alibeba kimoja, kingine kikabaki kwao. Akifika salama alikituma chake, na vipande vikilingana, mvushaji alilipwa. Hapo tunajifunza jinsi biashara ya haramu ilivyojengewa dhamana pasipo mkataba wala mahakama, na jinsi familia nzima ilivyoingia katika safari ya mtu mmoja.

Hata hivyo, simulizi haimezwi nzimanzima. Anayesimulia baada ya miaka arobaini amekwisha kusikia ya wenzake, na ya wenzake huweza kugeuka yake. Mtafiti makini huuliza mambo madogo: fedha zilikopwa kwa nani? Deni liliisha lini? Nani alikupokea katika vibanda vya Champigny-sur-Marne, nje ya Paris? Kisha hulinganisha majibu na barua, hati za mishahara na majalada ya vibali.

Lazima pia aulize wanawake. Mwaka 1982 mwanaanthropolojia Caroline Brettell alichapisha kitabu cha maisha ya wanawake watatu wa Kireno waliohamia Ufaransa. Watatu hawatoshi kukadiria idadi ya watu, lakini wanatosha kuvunja dhana kwamba mwanamke alimfuata mume tu, bila uamuzi wala kipato chake.

Kila mahojiano yahifadhiwe pamoja na tarehe yake na maswali yaliyoulizwa. Mtu aliyehojiwa akiwa bado na hofu ya polisi hasemi kama yule aliyehojiwa akiwa amestaafu, nyumba yake imekwisha kusimama kijijini. Mwanahistoria anawahitaji wote wawili.