Kitabu cha Kutisha na Hedhi ya Kwanza ya Binti Yako

Leo tutaanza na kitabu cha hadithi, kisha tuje kwa jambo linalomhusu kila msichana anayekua nyumbani mwako.

Huenda umemkuta binti yako aliye sekondari amejikunyata na riwaya ya kutisha, pengine aliyonunua kwa wauza vitabu kuukuu mjini Nakuru, au aliyoazimwa na mwenzake. Wazazi wengi huuliza: je, kitabu kama hiki hakitamharibu mtoto? Kabla ya kukitupa, hebu nikueleze habari za kimoja.

Mwaka 1974, Mmarekani Stephen King alitoa riwaya yake ya kwanza, iitwayo Carrie. Wakati akiiandika alikuwa mwalimu wa sekondari, mwenye watoto wadogo na mshahara usiotosha. Kurasa za kwanza alizitupa kwenye pipa la taka. Mkewe, Tabitha, akaziokota, akazisoma, akamhimiza aendelee na kumwahidi kumsaidia katika mambo ya wasichana asiyoyajua.

Hadithi hiyo iko katika mji mdogo wa kubuniwa, Chamberlain. Ni mji ambao watu wanajuana, kama Molo, Njoro au Gilgil. Msichana akipewa jina la kumdhihaki shuleni Jumatatu, kufikia Ijumaa jina limefika sokoni.

Carrie ana miaka 16. Siku moja, akioga na wenzake shuleni baada ya michezo, damu inaanza kumtoka. Hajui ni nini. Anadhani anakufa. Wenzake wanamcheka na kumrushia sodo. Mwalimu naye anamkaripia kwanza, kabla ya kutambua kwamba mtoto huyu kweli hajui lolote. Nyumbani, mama yake anaamini kwamba hedhi ni alama ya dhambi, basi anamfungia kabatini aombe. Mbele zaidi kitabuni kuna nguvu za ajabu, moto na vifo vingi, na hayo ndiyo yanayowatisha wasomaji. Lakini mzazi akisoma ataona kwamba maafa ya mji ule yalianza na mtoto ambaye hakuna aliyemwambia neno.

Mama, mambo haya si ya kitabuni tu. Septemba 2019, katika Kaunti ya Bomet, hapa hapa Bonde la Ufa, msichana wa miaka 14 alipata hedhi yake ya kwanza akiwa shuleni, bila sodo. Mama yake alieleza kwamba mtoto aliaibishwa na kutolewa darasani nguo ilipochafuka. Alirudi nyumbani, na siku hiyo hiyo akajitoa uhai. Nchi nzima ilihuzunika. Aibu inaweza kumuua mtoto.

Sasa, hedhi ni nini? Kila mwezi, tumbo la uzazi la msichana aliyebaleghe hujitayarisha kupokea mimba. Mimba isipoingia, utando uliojengeka ndani hutoka pamoja na damu, kwa siku 2 hadi 7. Damu huonekana nyingi, lakini kwa kawaida ni vijiko vichache tu vya kulia. Wasichana wengi huanza kati ya miaka 9 na 15. Miaka ya mwanzo, siku zikiruka mwezi mmoja au kufuatana upesi, si ajabu.

Utajuaje wakati umekaribia? Matiti yakianza kuota, hedhi mara nyingi hufuata baada ya miaka miwili hivi. Kwa hiyo usingoje damu ionekane. Zungumza naye akiwa na miaka 8 au 9. Zamani, katika jamii zetu nyingi, kazi hii ilikuwa ya nyanya na shangazi. Leo nyanya yuko mbali, na mama ameondoka alfajiri kwenda shamba la maua Naivasha. Ukinyamaza wewe, mtoto atafundishwa na wanaomcheka.

Maneno si magumu. Mkiwa mnachambua sukuma wiki, mwambie hivi: "Mwanangu, siku moja utaona damu kwenye chupi yako. Usiogope. Hujaumia, wala hujafanya kosa. Mwili wako unakua. Njoo uniambie, na ukiwa shuleni mwambie mwalimu unayemwamini." Mweleze pia kwamba tangu hapo anaweza kupata mimba. Na wavulana wa nyumba hiyo wafundishwe kwamba hedhi si jambo la kuchekwa.

Mfundishe usafi. Sodo ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Kama mnatumia vitambaa, viwe vya pamba, vifuliwe kwa sabuni na maji safi, kisha vianikwe juani vikauke kabisa. Kitambaa kilichofichwa chini ya godoro kikiwa na unyevu huleta vijidudu. Anawe mikono kabla na baada ya kubadilisha. Mwekee sodo moja na chupi safi ndani ya mkoba wa shule, hata kabla hajaanza. Sheria ya mwaka 2017 inataka serikali itoe sodo bure kwa wasichana waliobaleghe katika shule za umma. Uliza shuleni kwa binti yako, lakini uwe na akiba nyumbani, maana si kila mara zinafika.

Mpe vyakula vya kuongeza damu: managu, terere, maharagwe, ndengu, na nyama au maini mkijaliwa. Chai asinywe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Mpeleke kituo cha afya iwapo sodo inalowa kila saa moja au mbili, damu inapita siku 7, maumivu yanamzuia kwenda shule, hedhi imeanza kabla ya miaka 8, au amefika miaka 15 bila kuiona.

Na ile riwaya? Ni kitabu cha watu wazima. Mtoto wa shule ya msingi asipewe, na anayekosa usingizi kwa sababu ya hadithi za kutisha asizisome usiku. Lakini ukimkuta nayo binti wa kidato cha tatu au cha nne, usimgombeze. Keti naye umwulize: "Msichana huyu angesaidiwa na nani?" Jibu lake litakuonyesha kama anajua kwamba yeye anaye mtu wa kumwendea.

Mwambie leo, mama.