Damu na Macho ya Mgonjwa wa Kisukari



Kuna swali tunaloulizwa karibu kila mkutano: "Nikipimwa damu na sukari iko sawa, ya nini tena nipande matatu kwenda kwa daktari wa macho?" Nauli ni pesa, na siku nzima ya shamba inapotea. Swali ni la haki, basi tulijibu.

Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka mingi, mishipa midogo sana iliyo nyuma ya jicho hudhoofika. Mingine inavuja, mingine inaziba, halafu inaota mipya isiyo na nguvu ambayo hupasuka upesi. Haya yote hayaumi. Mtu anaweza kuwa anatia uzi kwenye sindano bila shida, kumbe jicho limeshaanza kuharibika.

Kipimo cha kidole kinaonyesha sukari ya saa ile tu. Na tuseme ukweli, wengi wetu tukijua kesho ni kliniki, leo chai ni ya strungi bila sukari! Mama mmoja wa kikundi tulichotembelea alifanya hivyo. Kitabu chake cha kliniki kilipendeza mpaka siku jicho moja lilipoingia giza.

Kipimo kiitwacho HbA1c hakidanganyiki kwa kujinyima siku moja. Sukari hujishika kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi siku kama 120, kipimo huonyesha hali ya miezi 2 hadi 3 iliyopita. Wengi huambiwa walenge asilimia 7 au chini yake, ingawa mzee anaweza kupewa lengo lake. Utafiti wa Uingereza uitwao UKPDS, uliofuata wagonjwa zaidi ya 5,000 wa kisukari cha aina ya pili, ulieleza mwaka 2000 kwamba HbA1c ikiwa chini kwa 1, tuseme 8 badala ya 9, madhara ya mishipa midogo ya macho na figo yalipungua kwa asilimia 37. Si kidogo. Waliotuliza presha nao waliokoa macho yao kuliko wenzao.

Hata hivyo, HbA1c inasema hatari, haisemi jicho lenyewe liko vipi. Watu wawili wenye 8 waweza kutofautiana kabisa, mmoja akiwa na kisukari mwaka 1 na mwingine miaka 15. Tena mwenye upungufu wa damu au selimundu, ile wengi huita sikoseli, anaweza kupata jibu lisilo la kweli, kwa hiyo amwambie daktari mapema. Wanasayansi wanatafuta alama nyingine kwenye damu, lakini mpaka sasa hakuna iliyochukua nafasi ya kumulika jicho.

Basi macho yapimwe mara tu kisukari cha aina ya pili kinapogunduliwa, maana wengine hukutwa tayari yameguswa. Baadaye ni kila mwaka, au kama daktari atakavyopanga. Yakiwahiwa, leza au sindano za jicho huzuia upofu. Uwezo wa kuona uliokwisha kupotea mara nyingi haurudi.

Siku hiyo utatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa utaona ukungu. Usiendeshe pikipiki. Nenda na mtu, na kikundi kikiweza, kichangie nauli ya wawili.