Mizani Inapogoma Kushuka: Kwa Nini Uzito Hukwama na Nini cha Kufanya

Mtu anapoelezwa kliniki kwamba shinikizo lake la damu limepanda, au kwamba sukari yake imevuka kiwango, mara nyingi miongoni mwa ushauri wa kwanza anaopewa ni kupunguza uzito. Hurudi nyumbani, huacha soda, hupunguza matonge ya ugali, hununua daftari na kuanza kuandika kalori za kila mlo. Mwezi wa kwanza mizani hushuka kwa kasi inayotia moyo. Mwezi wa pili hushuka polepole. Ufikapo mwezi wa tatu au wa nne, mizani hugoma. Chakula ni kile kile, daftari ni lile lile, lakini namba haisogei. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurejea ulaji wao wa awali. Wengine hufanya lililo baya zaidi: hushinda na njaa, au hununua dawa za kupunguza unene zinazonadiwa magulioni na kwenye simu.

Kukwama huko si uchawi, wala si uthibitisho kwamba mhusika amekosa nidhamu. Ni jambo linalotarajiwa, lina sababu zinazofahamika, na kwa sehemu kubwa linaweza kurekebishwa jikoni, bila gharama kubwa.

Uzito uliozidi umekoma kuwa tatizo la wakazi wa mijini peke yao. Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti wa magonjwa yasiyo ya kuambukiza wa mwaka 2012 ulibaini kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo kubwa la damu. Kwa kata ya wakulima kama Itaka, ambako mtu hushika jembe msimu wote wa mvua, wapo wanaodhani kazi ya shamba ni kinga tosha. Takwimu hizo, zilizokusanywa katika nchi ambayo wengi wa watu wake ni wakulima, haziungi mkono dhana hiyo.

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula, kama lita ilivyo kipimo cha mafuta ya pikipiki. Nguvu isiyotumika huwekwa akiba, hasa kwa umbo la mafuta ya mwili. Kilo moja ya mafuta hayo hubeba kalori zinazokadiriwa kuwa 7,700. Ndiyo maana wataalamu husema kwamba anayepunguza kalori 500 kwa siku kutoka katika kiasi anachotumia anaweza kupoteza karibu nusu kilo kwa juma. Hesabu hiyo ni sahihi mwanzoni tu. Ingekuwa sahihi siku zote, mtu mwenye kilo 90 angeisha kabisa baada ya miaka michache, jambo ambalo halijapata kutokea.

Kasi ya majuma ya kwanza nayo hudanganya kidogo. Mwili huhifadhi akiba ya wanga katika misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na maji yapatayo gramu tatu. Chakula kikipungua, akiba hiyo hutumika kwanza na maji yake hutoka. Mizani husoma kilo mbili au tatu pungufu, ilhali mafuta yaliyoondoka ni kidogo. Maji hayo yakishakwisha, kushuka hupungua kasi hata kama mhusika hajabadili lolote.

Sababu kubwa zaidi ni kwamba mwili mwepesi hutumia nguvu kidogo. Lori tupu halinywi dizeli sawa na lori lililosheheni kahawa kupanda mlima ule ule. Mfano ni wa mwanamke wa miaka 40, mwenye urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 92, anayefanya kazi za kawaida za nyumbani na shambani. Kwa makadirio ya wataalamu, hutumia kalori zipatazo 2,500 kwa siku. Akila kalori 2,000, ana upungufu wa 500. Akifika kilo 82, matumizi yake hushuka hadi karibu 2,340. Kwa sahani ile ile, upungufu wake sasa ni 340. Juu ya hapo, mwili unaopewa chakula pungufu hubana matumizi kwa namna isiyoonekana: mtu huketi zaidi, hutembea taratibu, hulala mapema, na moyo hupiga polepole. Katika jaribio mashuhuri lililofanyika Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 waliojitolea walipewa kwa majuma 24 mlo wa takriban nusu ya walichozoea. Uzito wao ulishuka kwa karibu robo, na nguvu ambayo miili yao ilitumia ikiwa imepumzika ilipungua kuliko ambavyo wembamba wao peke yake ungeeleza. Walikuwa wachovu, wenye baridi na wenye mawazo ya chakula mchana na usiku. Anayejinyima kupita kiasi anajitafutia hali hiyo hiyo.

Sababu ya tatu ni nyeti, kwa kuwa inagusa daftari lenyewe. Mwaka 1992, watafiti wa New York walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wanene waliosisitiza kwamba hawapungui ijapokuwa wanakula kidogo. Ilipopimwa nguvu ambayo miili yao ilitumia kwa hakika, ilibainika kwamba kwa wastani walikuwa wakila karibu mara mbili ya walichoandika. Miili yao haikuwa na kasoro, na hakuna aliyewaita waongo. Macho ya binadamu ni mizani mibovu, na huzidi ubovu kadiri miezi ya kuhesabu inavyopita.

Katika jiko la Itaka, kosa huanzia kwenye mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, yawe ya alizeti au ya mawese, kina kalori zipatazo 120. Upawa mdogo wa mililita 50 una zaidi ya 400. Mpishi anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hana namna ya kujua amemimina kiasi gani, na mchicha ambao peke yake hauna kalori za kutajwa hugeuka kuwa mlo mzito. Karanga za kukaanga zinazotosha kiganja, gramu 30 hivi, zina kalori kama 170, nazo huliwa katikati ya maongezi bila kuandikwa popote. Chai yenye vijiko vidogo vitatu vya sukari ina kalori takriban 60, na kwa vikombe vinne kwa siku, jumla ni 240. Parachichi ni tunda jema sana kwa afya, lakini kubwa lenye nyama ya gramu 250 lina kalori 400. Wengi huliandika kama tunda tu, kana kwamba ni chungwa. Pombe nayo, ikiwemo komoni, ni nafaka katika umbo la kinywaji.

Yule mwanamke wa kilo 82 akizidisha vijiko viwili vya mafuta na karanga zisizotimia kiganja, upungufu wake wa 340 umekwisha. Hana deni wala akiba. Mizani husimama pale pale kwa haki kabisa.

Ugali una ugumu wake. Familia nyingi hula pamoja katika sinia moja, desturi njema ambayo hata hivyo huficha sehemu ya kila mlaji. Kupima ugali uliopikwa hakusaidii sana, kwa sababu maji hutofautiana kati ya mpishi na mpishi. Njia rahisi ni kupima unga mkavu. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kalori zipatazo 3,600. Ukiliwa na watu sita kwa usawa, kila mmoja amepata 600. Anayepunguza uzito na apakuliwe kwanza katika sahani yake, kisha awafuate wenzake mezani au jamvini. Ipo pia imani kwamba dona haina kalori nyingi kama sembe. Zinakaribiana mno. Ubora wa dona umo katika nyuzinyuzi na virutubishi vinavyobaki, na katika kushibisha mapema, na hilo ni faida ya kutosha.

Anayetaka namba za vyakula vya hapa nyumbani halazimiki kutegemea programu za simu zilizojaa vyakula vya ughaibuni. Mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Harvard, walitoa majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania, ugali, maharage, kisamvu na dagaa vikiwemo. Maofisa lishe huyafahamu.

Je, kuongeza kazi ya mwili hakutoshi kuvunja mkwamo huo? Jibu limetafutwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012, watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer walichapisha matokeo ya kupima nguvu inayotumiwa na Wahadzabe 30 wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Wanaume walitembea wastani wa kilomita zaidi ya 11 kwa siku. Ilitarajiwa wangetumia kalori nyingi kuliko watu wa Ulaya na Marekani wanaoshinda vitini. Baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, haikuonekana tofauti ya maana. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwili uliozoea kazi hufidia kwa kubana matumizi mahali pengine. Basi anayeongeza mzunguko mmoja wa shamba na kujizawadia soda ya jioni atakuwa amepata hasara.

Hilo halimaanishi kwamba mazoezi ni bure. Hushusha shinikizo la damu, husaidia kudhibiti sukari, na hulinda misuli isiondoke pamoja na mafuta. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za kazi ya kiasi kwa juma, na mazoezi ya nguvu siku mbili. Kwa mkulima, jambo la kuangalia ni msimu. Aliyeanza kupungua wakati wa palizi anaweza kukwama baada ya mavuno, miguu ikiwa imepumzika na ghala limejaa. Sahani ya palizi haifai kuliwa mwezi ambao jembe limetundikwa.

Kabla ya kupunguza chakula zaidi, mhusika ahakikishe kwamba amekwama kweli. Uzito wa mtu huweza kupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili ndani ya siku chache kwa sababu ya maji, chumvi, choo, na kwa wanawake, siku za hedhi. Apime mara moja kwa juma, asubuhi baada ya kujisaidia na kabla ya kula, akiwa na nguo zile zile. Mizani iwekwe juu ya sakafu ngumu iliyosawazika. Juu ya udongo au mkeka, husoma ovyo. Mshale uwe kwenye sifuri kabla ya kupanda. Kamba ya kupimia kiuno nayo ni shahidi mzuri: kiuno kikiendelea kupungua ilhali kilo zimesimama, kazi inaendelea. Majuma manne bila badiliko lolote ndiyo yanayostahili kuitwa mkwamo.

Ikithibitika hivyo, apime upya kwa majuma mawili kila kinachoingia mdomoni, mafuta yakipimwa kwa kijiko na unga kwa mizani. Mara nyingi hapo jawabu hupatikana. Ikiwa hesabu ni sahihi, apige upya makadirio kwa uzito alio nao sasa na kupunguza kidogo, kalori 100 hadi 200, akianzia kwenye sukari na mafuta. Maharage, dagaa, mayai na maziwa yasiguswe, kwa kuwa ndivyo vinavyoshibisha na kulinda misuli.

Wapo pia watakaoshauriwa kubaki hapo walipo kwa muda. Kupungua kwa asilimia tano tu, yaani kilo nne na nusu kwa mtu wa kilo 90, tayari huleta nafuu kwa shinikizo na sukari. Kukaa miezi mitatu bila kurudi nyuma ni kazi, hata kama majirani hawaioni. Na majirani wana maneno yao. Aliyepungua huulizwa barabarani kama anaumwa, kwa kuwa kwa miaka mingi kukonda kumehusishwa na UKIMWI na kifua kikuu. Wapo waliorudisha kilo zote kwa kukimbia swali hilo. Ni vema ndugu wa nyumbani wakafahamishwa mapema sababu ya mlo kubadilika.

Wapo wasiopaswa kuhesabu kalori peke yao: wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, na walio katika matibabu ya kifua kikuu au VVU. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula bila kumweleza mtoa huduma, maana sukari inaweza kushuka ghafla na kuhatarisha maisha. Naye anayepungua bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi cha majuma mawili au zaidi, afike kituoni kupimwa mara moja. Dawa yoyote ya kupunguza unene isiyoandikwa na mtaalamu iachwe.

Kupima uzito, urefu na shinikizo la damu hufanyika katika zahanati na vituo vya afya, na ushauri wa lishe hutolewa pia katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inayofanyika kila robo mwaka. Tarehe hutangazwa na Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji. Wanaohitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe, Vwawa. Mwananchi aje na daftari lake la chakula lenye kumbukumbu za majuma mawili, orodha ya dawa anazotumia, na kile kijiko anachopimia mafuta nyumbani, ili mtaalamu akione.