Kofia kuukuu, felti isiyotengenezwa tena

Mtu anayeishi kwa kuuza kofia kuukuu akishika pama ya felti haangalii kwanza rangi yake, wala jina la kampuni lililopigwa chapa ndani. Huigeuza, akaupindua mkanda wa ngozi unaogusa paji la uso, akatafuta kijikaratasi kilichojificha nyuma yake. Kwenye kofia nyingi za Marekani kijikaratasi hicho ni lebo ya chama cha wafanyakazi. Ikisomeka United Hatters of North America, basi kofia ni ya enzi za kabla ya 1934, kwa sababu mwaka huo chama kiliungana na kile cha mafundi wa kepu na kofia za wanawake, na jina likarefuka. Ni kipande kidogo cha karatasi, lakini mara nyingi ndicho kinachoamua kama mnunuzi ataongeza dau au ataondoka zake.

Lebo ile ina historia ya jasho. Huko Danbury, Connecticut, mji uliojulikana kwa kofia kuliko kitu kingine chochote, kulikuwa na kiwanda kilichokataa kukitambua chama, na chama kikawahimiza watu wasinunue kofia zake. Mwenye kiwanda akaenda mahakamani. Mwaka 1908, katika kesi ya Loewe dhidi ya Lawlor, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kususia huko kulivunja sheria ya ushindani, na wafanyakazi wa kawaida wakajikuta wanadaiwa fidia. Kwa hiyo mimi lebo hiyo siioni kuwa pambo la wakusanyaji tu.

Soko la kofia za zamani lilizaliwa viwanda vilipokufa. John B. Stetson alianza kazi Philadelphia mwaka 1865. Kufikia 1915 kampuni yake ilikuwa na wafanyakazi wapatao 5,400 na ilitoa kofia milioni 3.3 kwa mwaka. Kiwanda hicho kilifungwa 1971, jina likaendelea kuishi kwa leseni. Borsalino ya Alessandria, Italia, iliyoanzishwa 1857, ilitangazwa kufilisika Desemba 2017, ikapata mmiliki mpya baadaye. Wengi humtupia Rais John F. Kennedy lawama ya kuiua kofia, eti aliapishwa kichwa wazi mwaka 1961 na wanaume wote wakamfuata. Ukweli ni kwamba siku ile alikuwa na kofia ndefu ya hariri. Aliivua tu wakati wa kiapo na hotuba. Mauzo yalikuwa yameanza kushuka kabla yake. Gari lenye paa la chini na nyumba zenye joto viliimaliza kofia kuliko rais yeyote.

Ninachotaka kusema ni kwamba anayenunua kofia ya zamani hanunui mtindo. Ananunua malighafi. Felti bora haitokani na sufu ya kondoo bali manyoya laini ya ndani ya biva, yule mnyama wa mitoni wa Amerika Kaskazini, au ya sungura wa porini na wa kufugwa. Manyoya hupeperushwa kuelekea koni yenye matundu, hewa inayovutwa kutoka ndani ikayanasa, yakamwagiwa maji ya moto. Hapo hupatikana koni kubwa, dhaifu kama utando, ambayo hukandwa kwa moto na maji tena na tena hadi inywee na kukaza. Kofia moja ya Borsalino huchukua takriban wiki saba. Muda huo ni mshahara, na mshahara ndio ulioumiza viwanda. Leo wanaotengeneza koni za felti ya manyoya kwa wingi ni wachache: wapo São João da Madeira nchini Ureno, wapo Nový Jičín nchini Czech, wapo Texas. Mafundi wadogo wote wanapanga foleni kwenye milango hiyo michache.

Felti za miaka ya 1930 na 1940 nilizozishika ni nyembamba, lakini ukizikunja ukaziachia zinarudi zenyewe bila kuacha mkunjo. Alama za X zilizopigwa ndani ya kofia kuonyesha ubora wa felti zisikudanganye: hakuna kipimo kimoja kinachozifunga kampuni zote, na X ya mwaka 1940 si X ya leo.

Uzuri huo una deni. Ili manyoya yashikane, viwanda viliyapaka chumvi ya zebaki. Mafundi wa Danbury walitetemeka mikono hadi ugonjwa ukapewa jina la mji wao. Marekani ilipiga marufuku zebaki katika felti mwaka 1941. Kofia iliyotengenezwa kabla ya hapo inaweza kuwa bado na mabaki, na sipendi namna wauzaji wengi wanavyolinyamazia jambo hili. Ukiipiga mvuke, ipige uwanjani, si jikoni.

Kofia zenyewe hupatikana pale mzee anapofariki na watoto wanauza vitu vya nyumba, kwenye magulio ya Jumapili, na zaidi siku hizi kwenye minada ya intaneti. Nyingi ni ndogo. Ndiyo maana saizi kubwa huuzwa ghali. Mnunuzi wa mbali lazima ajue kwamba namba za Uingereza ziko nyuma ya za Marekani kwa moja ya nane: kichwa cha sentimita 58 ni 7¼ Marekani, lakini 7⅛ Uingereza. Mimi nililipia kofia ya Kiingereza yenye 7¼, muuzaji akiniapia kwamba ndiyo saizi yangu, ikanifikia inacheza kichwani.

Hata robota la mitumba hutoa moja moja. Niliyoipata Ilala, Dar es Salaam, ilikuwa ya kijivu, imebonyea kama sufuria iliyokanyagwa. Niliiinua juu nikaitazama dhidi ya jua: hakuna tundu la nondo. Niliishika kwa ukingo, kamwe si kwa kilele, kwa maana ni kule kubanwabanwa kwa vidole miaka mingi ndiko kunakoipasua felti mbele. Nikachemsha birika. Mvuke ukiingia, felti hulegea ghafla kama chapati iliyofunikwa, na una sekunde chache tu. Nilisukuma kilele kwa ngumi kutoka ndani hadi kikawa duara, kisha kwa kiganja nikakata bonde la katikati, nikabana pande mbili za mbele. Ukingo niliupiga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu. Nikaipiga brashi kinyume cha saa, nikaiweka kichwa chini ili ukingo usilale.

Bonde lilitoka vizuri. Upande wa kushoto wa ukingo ulikataa, na mkono peke yake hauwezi kuushinda. Hapo inatakiwa kalibu ya mbao ya saizi ileile, kamba ya kuibana kofia chini yake, na fundi mwenye msasa wa kulainisha uso wa felti. Viwanda vilipofungwa, kalibu hizo ziliuzwa kwa mafungu, na wanaozinunua sana si mafundi. Ni wapambaji. Utazikuta kwenye rafu za mikahawa na madirisha ya maduka ya nguo, zimepakwa vanishi, namba ya saizi bado imechongwa chini. Fundi mmoja anayetaka kufungua karakana leo anashindana na mwenye mkahawa kwa kipande kilekile cha mbao, na mwenye mkahawa ana pesa zaidi. Kofia yangu ya kijivu bado inasubiri kalibu ya 58.