Mradi ukipata 'kibali', ni nani aliyekubali?

Msomaji mmoja wa Garissa ameniandikia akitaka nimfafanulie tofauti kati ya 'leseni', 'idhini' na 'kibali'. Asema huko kwao jua na ardhi vipo tele. Je, kampuni ikija kutaka kujenga kituo cha data, itaomba kipi, na kwa nani?

Swali zuri, maana watangazaji wetu huyachanganya maneno haya kama githeri.

'Leseni' ni cheti cha mamlaka, chenye masharti, kinachoweza kufutwa. NEMA huitoa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, baada ya athari za mradi kutathminiwa. 'Idhini' ni ya mwenye mali. Garissa jambo hili si dogo, kwani sehemu kubwa ya ardhi huko ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yadai mkataba wa mwekezaji uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo, mkutanoni. Ambapo ardhi haijasajiliwa, serikali ya kaunti ni mdhamini tu. Haina ruhusa ya kuiuza.

Na 'kibali' je? Kina nasaba moja na kitenzi 'kubali', na hapo ndipo penye mtego. Redio ikisema "mradi umepata kibali", mzee wa Balambala atadhani wenzake wamekwisha kukubali, kumbe ni karatasi ya ofisi fulani Nairobi! Kama ni leseni, tuseme leseni.

Neno 'kituo' nalo lina lake. Kituo cha afya, kituo cha polisi: ni mahali unapokwenda kuhudumiwa. Kituo cha data huendi. Ni jumba la mashine zisizolala, zinazokula umeme na kutoa joto, na lazima zipozwe, mara nyingi kwa maji. Mei 2024, Microsoft na G42 zilipotangaza mpango wa kituo cha namna hiyo, zilitaja Olkaria, penye umeme wa mvuke mchana na usiku. Garissa ina mtambo wa sola wa takriban megawati 50, lakini jua huzama. Na maji ya Mto Tana yana wenyewe, mifugo na mashamba. Mfugaji aliyetajiwa 'kituo' bila kutajiwa maji, kwa kweli hajaulizwa kitu.

Kanuni za mazingira za 2003 zililiona hilo. Zilitaka tangazo la redio kwa lugha rasmi na za wenyeji, pamoja na mikutano isiyopungua mitatu. Si mapambo hayo. Juni 2019, katika kaunti jirani ya Lamu, leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ilifutwa na mahakama maalumu ya mazingira, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Bahati nzuri Kisomali kina maneno ya kutosha: 'ruqsad', ndugu wa 'ruhusa' yetu, na 'oggolaansho', yaani kuridhia. Mkalimani asiyezitofautisha atawapotosha watu hata kama hana nia mbaya.

Limebaki neno 'data' lenyewe, ambalo wengi hulichukulia kuwa la vijana wa simu. Sehemu ya 50 ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yamruhusu waziri kuagiza kwamba data za aina fulani zichakatwe humu nchini tu. Hoja hii hupendeza Nairobi. Lakini Garissa wapo Wakenya ambao, wakiwa watoto wakati wa ukame, familia zao ziliwaandikisha kambini Dadaab ili wapate chakula. Walipofika umri wa kitambulisho, alama zao za vidole ziliwaonyesha kuwa wakimbizi, wakanyimwa. Hao hawataanza kwa kuuliza jumba litajengwa wapi. Watauliza ni nani mwenye mamlaka ya kulifuta jina lililoingia kimakosa, na ombi hilo hupelekwa dirisha gani.