Barua Pepe Ikishatumwa, Je, Hurudi?

Liko swali linalowasumbua wazazi wengi hapa Jordbro: barua pepe iliyotumwa kwa makosa, je, yaweza kurudishwa? Jambo hili si dogo. Siku hizi barua ya kumwombea mtoto ruhusa shuleni, ya kumlalamikia mwenye nyumba, na ya kujieleza mbele ya manispaa ya Haninge, zote hupita njia hiyo. Anwani ikikosewa, au sentensi moja ikiandikwa kwa hasira, athari yake yaweza kudumu.

Ili kupata jibu, yatupasa kwanza kuifahamu safari ya barua yenyewe. Mwaka 1971, Mmarekani Ray Tomlinson alituma barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao, akachagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine yake. Mwaka 1982, Jon Postel akaandika kanuni za kupokezana barua hizo, ambazo ndizo msingi unaotumika mpaka leo.

Barua haiendi moja kwa moja kwa mpokeaji. Kompyuta au simu yako huikabidhi kwa seva, yaani mashine inayofanya kazi ya posta. Seva hiyo husoma maneno yaliyo baada ya @, huitafuta seva ya mpokeaji, kisha huipa nakala. Seva ya pili ikishajibu kwamba imepokea, nakala hiyo imo mikononi mwake. Katika kanuni za Postel hamna amri ya kuidai irudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi zile programu zinazoahidi kurudisha barua hufanyaje? Katika Gmail, ukishatuma, hutokea neno la Kiswidi "Ångra", ambalo pia lina maana ya kujuta. Hapo hakuna kinachorudishwa. Programu imeizuia barua kwa sekunde 5, 10, 20 au 30, mfano wa tarishi aliyeambiwa asubiri mlangoni. Akishaondoka, haitiki tena. Outlook nayo ina amri ya kurudisha, lakini hufaa pale tu mtumaji na mpokeaji wanapokuwa katika taasisi moja. Barua ikienda nje, pengine mpokeaji ataarifiwa tu kwamba ulitaka kuirudisha, naye atafanya hima kuisoma! WhatsApp iliruhusu kufuta ujumbe kwa wote tangu 2017, kwa sababu pande zote mbili hutumia mitambo ya kampuni moja.

Kwetu sisi tuishio Uswidi lipo jambo zito zaidi. Barua ikishafika katika shule ya manispaa au ofisi ya serikali, kwa kawaida huwa waraka wa umma, kwa msingi wa sheria iliyoanzia mwaka 1766. Mtu yeyote aweza kuomba kuisoma, isipokuwa yale yaliyolindwa na sheria ya usiri. Wala mtumishi hana ruhusa ya kuifuta kwa kuwa tu mwandishi ameomba.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, tahadhari iwe kabla. Andika barua kwanza, anwani iwe ya mwisho. Barua isiyo na anwani haiwezi kuponyoka. Katika Gmail, ingia kwenye mipangilio uweke sekunde 30. Kabla ya kuwajibu watu wote, tazama majina yao mmoja mmoja. Barua iliyoandikwa usiku kwa hasira ilale hadi asubuhi.

Na ikiwa imekwisha kwenda? Usihangaike na vitufe. Tuma barua ya pili, fupi na ya adabu, useme lipi lilikosewa na lipi ndilo sahihi. Ikiwa imemfikia asiyehusika, mwombe aifute. Barua ya kwanza itabaki palepale, lakini atakayeisoma ataikuta na ya pili.