Motokari inakataa kuwaka: sikiliza kwanza, shika kle baadaye



Usalama hauishii kwenye mlango wa mgodi. Mtu anavaa kaske juma zima, halafu siku ya mungu anaingia chini ya motokari yake iliyosimama kwenye mtelemko, bila hata jiwe moja nyuma ya gurudumu. Leo tunasema juu ya demareri, ambayo wengine wanaiita stata, na juu ya vola, lile gurudumu zito la chuma lililo nyuma ya motere.

Sisi wa Butembo tunaijua shida hii. Mji uko juu ya vilima, kwenye meta 1700 na zaidi. Asubuhi ni baridi, mafuta ya motere yanakuwa mazito, na batri ya zamani inachoka upesi. Tena, tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwaka 2014, hakuna anayetaka kukwama kwenye njia ya Butembo na Beni giza likiingia. Ndiyo maana mtu anafanya haraka, na haraka ndiyo inayoumiza.

Demareri inafanyaje kazi?

Ukigeuza ufunguo, umeme kidogo unafika kwenye kisanduku kilicho juu ya demareri. Kisanduku hicho kinafanya kazi mbili: kinasukuma kigurudumu cha meno, yaani pinyo, kiingie katika meno ya vola, na kinafungulia umeme mwingi wa batri. Pinyo ina meno 9 au 10 hivi, vola ina zaidi ya 100. Kwa hiyo pinyo inazunguka zaidi ya mara kumi ili vola izunguke mara moja. Hivyo ndivyo motere ndogo ya umeme inavyogeuza motere kubwa. Lakini kumbuka: vitesi ikiwa imeingia, nguvu hiyo hiyo inatosha kuendesha motokari nzima.

Sikiliza sauti

1. Tak-tak-tak ya haraka, na taa zinafifia. Batri ni dhaifu, au vichwa vyake vina kutu na havikukazwa. Visafishe na kuvikaza kabla ya kununua kitu. Batri nzima, ikiwa imepumzika, inapima volti 12,6 hivi. Ikishuka chini ya 12,2, imebaki nusu au pungufu.

2. Tak moja tu, na taa zinabaki na nguvu. Mara nyingi makaa ya demareri yamekwisha, au kile kisanduku kimeungua ndani. Kugongagonga demareri polepole kunaweza kukufikisha nyumbani, lakini si dawa. Ipeleke kwa fundi.

3. Demareri inazunguka kwa mlio mwembamba, motere haigeuki. Pinyo haishiki vola.

4. Kelele ya chuma kusaga chuma. Ama bulo za demareri zimelegea, ama meno ya pinyo au ya vola yamelika. Acha mara moja! Kila ukigeuza ufunguo unazidi kula meno.

Motere ya silindri nne, ikizimwa, inapenda kusimama mahali pale pale pawili. Ndiyo sababu meno ya vola yanalika pande mbili, na mengine yanabaki mazima. Leo motokari inawaka, kesho inakataa. Fundi akiigeuza motere kidogo kwa kle, ufunguo ukiwa umetolewa, inaweza kuwaka tena. Lakini dawa ya kweli ni kushusha sanduku la vitesi na kubadilisha pete ya meno. Usikubali meno yaliyojazwa kwa kusude: yanaweza kuvunjika na kuharibu pinyo mpya.

Hatari ya turnevisi

Wengine wanafungua kifuniko cha motere na kuunganisha vichwa viwili vya demareri kwa turnevisi. Jambo hili linaua. Anayefanya hivyo amesimama mbele ya gurudumu au chini ya motokari, na hakuna mtu kwenye freni. Kama vitesi imeingia, motokari inaruka na kumpita juu. Tena cheche inaweza kuwasha hewa inayotoka kwenye batri, na batri ikapasuka na kumwaga asidi machoni. Asidi ikikupata, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, halafu nenda hopitali.

Kabla ya kugusa kitu, fanya hivi:

– Toa vitesi, vuta freni ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu.
– Toa ufunguo, uweke mfukoni mwako.
– Vua saa na pete. Usivute sigara.
– Ondoa kwanza waya wa minus wa batri. Wakati wa kurudisha, uwe wa mwisho.
– Usishike demareri zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe dakika moja.

Na kusukuma?

Motokari ya otomatike haiwaki kwa kusukumwa. Nyingine inaweza, lakini kwenye tambarare, dereva akiwa kitini na ufunguo umewashwa ili usukani usijifunge. Motere ikiwa imezimwa, freni inakuwa nzito. Basi usijaribu kwenye mtelemko ulio na watu chini. Mama, waite watoto watoke barabarani. Kusukuma motokari si mchezo wao. Na ikiwaka ndani ya garaji iliyofungwa, fungua milango upesi: moshi wake unaua bila harufu kali.

Demareri inauzwa sokoni. Mguu wa baba wa watoto hauuzwi.

Usalama kazini, usalama nyumbani!